Je, Siku za Mwisho Zimefika? Kwa Nini Wakristo Husoma Aya Zilezile na Kuelewa Tofauti



Msimu wa kahawa unapomalizika na watu wakiwa na fedha kidogo mfukoni, viwanja vya wazi vya Omurushaka, Kayanga, Nkwenda na Kaisho hupata wageni wenye vipaza sauti. Mada hubadilika, lakini moja hairukwi: siku za mwisho. Mhubiri hufungua kitabu cha Danieli, huhamia Ufunuo, hugusa vita vya Mashariki ya Kati, kisha huuliza umati ni nani atakayeachwa Bwana atakapokuja kuwanyakua walio wake. Jumapili inayofuata, baada ya Misa, waamini husubiri nje ya sakristia wakiwa na maswali. Je, ni kweli kwamba tutanyakuliwa? Je, namba ya kitambulisho cha taifa ndiyo ile alama ya mnyama? Padre, mbona ninyi hamtuambii habari hizi?

Swali hilo la mwisho lina haki ya kujibiwa. Tena linahusu mambo mazito kuliko udadisi. Mwamini mmoja wa upande wa Kyerwa aliuza kahawa yake kwa butura, ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutia huruma, kwa sababu alikuwa amehakikishiwa kwamba mavuno hayo hayatafika. Mavuno yalifika, na aliyechuma ni mnunuzi. Wapo pia wagonjwa wanaoacha dawa kwa kuwa wameambiwa muda uliobaki ni wa kufunga na kusali tu, na wazazi wanaoona hakuna haja ya kulipa ada ya kidato cha tano kwa dunia inayokwisha mwezi ujao. Tafsiri ya Maandiko huingia hadi ndani ya nyumba.

Tuanze na yale tusiyogombana. Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Msabato na Mpentekoste wote wanakiri kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu, kwamba wafu watafufuliwa na kwamba kutakuwa na hukumu. Tunaikiri imani hiyo kila Dominika katika Nasadiki, na katika kila Misa baada ya mageuzo tunatangaza kwamba tunangoja ujio wake. Anayesema Wakatoliki hawafundishi kurudi kwa Kristo hajasikiliza Misa hadi mwisho. Tunapotofautiana ni katika kueleza namna na mpangilio wa mambo hayo, na zaidi katika suala la kama inawezekana kuyapigia hesabu.

Tofauti hizo huzaliwa hasa na maandiko machache: sura za 7 hadi 12 za Danieli, hotuba ya Yesu kuhusu hekalu (Mathayo 24, Marko 13, Luka 21), sura ya nne ya Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, na sura ya 20 ya Ufunuo. Ukijua mtu anavyoyasoma hayo, utajua atahubiri nini jioni.

Danieli na kitabu kisichomo katika Biblia ya jirani

Kitabu cha Danieli kinasema juu ya mfalme mwenye majivuno atakayekomesha sadaka ya kila siku na kusimamisha chukizo la uharibifu mahali patakatifu. Wahubiri wengi wanalisogeza tukio hilo hadi kwa kiongozi fulani wa dunia ambaye bado hajaja. Lakini Mkatoliki ana msaada mkononi ambao jirani yake hana, kwa sababu Biblia yetu ina vitabu vya Wamakabayo. Fungua Wamakabayo wa Kwanza, sura ya kwanza, aya ya 54. Hapo chukizo la uharibifu linatajwa kwa jina, juu ya altare ya Yerusalemu, katika siku za mfalme Antioko wa Nne Epifane, mwaka 167 kabla ya Kristo. Mfalme huyo alikataza sadaka za Wayahudi, akachoma vitabu vya Sheria na kuwaua mama waliotahiri watoto wao. Hekalu lilitakaswa tena mwaka 164. Wataalamu wengi wa Maandiko, wakiwemo wa Kikatoliki, wanaona kwamba maono ya Danieli yalikuwa kwanza neno la kuwatia moyo watu waliokuwa ndani ya mateso hayo. Yesu alipolitumia tena neno hilo, alikuwa akichukua tukio lililojulikana na kila msikilizaji wake ili kuwaonya juu ya jingine.

Hilo jingine pia tunalijua. Katika Marko 13 wanafunzi wanamwuliza Bwana habari za kubomolewa kwa hekalu, na jibu lake linachanganya mambo mawili: anguko la Yerusalemu na mwisho wa ulimwengu. Luka analifafanua zaidi anaposema juu ya mji uliozungukwa na majeshi (Lk 21:20). Mwaka 70 majeshi ya Kirumi chini ya Tito yaliuzingira mji, yakauteka na kuliteketeza hekalu. Kwa hiyo sehemu ya maneno yale imekwisha kutimia, na wale waliokimbilia milimani walifanya vema kukimbia. Msomaji anayeichukua sura yote kama ratiba ya mwaka huu anaruka tukio ambalo wasikilizaji wa kwanza walilishuhudia kwa macho.

Miaka elfu moja

Ufunuo 20 inasema Shetani atafungwa miaka elfu, na mashahidi watatawala pamoja na Kristo. Hapa Wakristo walitofautiana mapema sana. Papia wa Hierapoli, Yustino Shahidi na Ireneo wa Lyon, wote wa karne ya pili, waliielewa miaka hiyo kwa maana halisi: utawala wa Kristo hapa duniani kabla ya hukumu ya mwisho. Napenda ukweli wa Yustino. Katika mazungumzo yake na Trifo Myahudi, yeye mwenyewe anakiri kwamba wako Wakristo wengi wenye imani safi wasiokubaliana naye katika jambo hilo. Hakuwaita wazushi. Ingefaa vipaza sauti vyetu vijifunze kwake.

Baadaye Mtakatifu Augustino, ambaye anasema aliwahi kushika mawazo yanayofanana na hayo, aliyaacha. Katika kitabu cha ishirini cha maandishi yake juu ya Mji wa Mungu anaeleza kwamba miaka elfu ni lugha ya mfano: ni wakati wote wa Kanisa, kuanzia ushindi wa Kristo hadi atakaporudi. Shetani amefungwa kwa maana kwamba hawezi kuwazuia mataifa wasiipokee Injili. Ufufuko wa kwanza ni ule wa roho, katika Ubatizo. Wa pili ni wa miili, siku ya mwisho. Kanisa la Magharibi kwa sehemu kubwa limefuata njia hiyo. Mwaka 1944 Ofisi Takatifu ya Roma ilijibu swali juu ya mafundisho ya utawala wa Kristo unaoonekana duniani kabla ya hukumu, hata yakiwa yamepunguzwa makali, ikasema hayawezi kufundishwa kwa usalama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 676, inakwenda mbali zaidi na kuonya kwamba kila jaribio la kudai kutimiza ndani ya historia kile kinachoweza kutimia tu baada yake ni sura mojawapo ya udanganyifu wa Mpingakristo. Kanisa linazihesabu humo pia siasa zinazoahidi paradiso hapa hapa.

Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba ndugu zetu Walutheri, ambao ni majirani zetu wa karibu hapa Karagwe, wamesimama karibu mahali pale pale. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni msingi wa imani yao, katika kifungu cha 17 linakataa wazo kwamba kabla ya ufufuko wa wafu watakatifu watatwaa ufalme wa dunia. Ni kweli kwamba Luther alimwita Papa mpingakristo, na maneno hayo yaliumiza kwa karne nyingi. Lakini juu ya miaka elfu hatuna ugomvi nao.

Unyakuo

Neno hili ndilo linalowatisha waamini wetu kuliko mengine. Fundisho lenyewe, kwa ufupi, ni hili: Kristo atakuja mara mbili zaidi. Kwanza kwa siri, kuwachukua waamini wake juu. Kisha itafuata dhiki kuu ya miaka saba chini ya Mpingakristo. Baada ya hapo atakuja waziwazi na kutawala miaka elfu. Miaka saba hiyo hutolewa katika majuma sabini ya Danieli 9, ambapo juma la mwisho hutengwa na yaliyotangulia na kusukumwa hadi mwisho wa nyakati.

Fundisho hili katika mpangilio wake kamili ni la juzi tu kwa kalenda ya Kanisa. Lilienezwa kuanzia miaka ya 1830 na John Nelson Darby, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana huko Ayalandi kabla ya kujiunga na kikundi cha Ndugu wa Plymouth. Mwaka 1909 Mmarekani Cyrus Scofield alichapisha Biblia yenye maelezo yake pembeni mwa aya. Wasomaji wengi waliyapokea maelezo hayo kama sehemu ya Maandiko yenyewe, na kwa njia ya wamisionari na vitabu yakafika Afrika. Mhubiri wa Nkwenda anayetangaza unyakuo huenda hajawahi kusikia jina la Darby, naye anaamini kwa moyo mweupe kwamba anasoma Biblia tupu.

Sasa tuisome 1 Wathesalonike 4. Paulo anawaandikia watu wenye msiba. Baadhi ya wenzao wamekufa, nao wanaogopa kwamba marehemu hao wamekosa kushiriki ujio wa Bwana. Anawafariji: waliokufa katika Kristo watafufuka kwanza, kisha sisi tulio hai tutachukuliwa pamoja nao mawinguni kumlaki Bwana. Kuna kelele, sauti ya malaika mkuu na parapanda. Kwa siri hakuna kitu hapo. Kisha angalia kitenzi hicho, kulaki. Neno la Kigiriki lililotumika lilikuwa la kawaida kwa mapokezi ya mgeni mkubwa: watu hutoka nje ya mji kumpokea, kisha huingia naye. Neno hilohilo liko katika Mathayo 25:6, wanawali wanapotoka kumpokea bwana arusi, na katika Matendo 28:15, Wakristo wa Roma wanapotoka kumpokea Paulo.

Sisi tunalielewa jambo hili bila kamusi. Baba Askofu anapokuja parokiani kutoa Kipaimara, vijana wenye pikipiki na matawi, kwaya, Watoto wa Utoto Mtakatifu na wazee wa parokia huenda kumngoja mpakani. Akifika, ngoma zinalia, nao wanageuka na kumsindikiza hadi kanisani. Hakuna anayekwenda mpakani ili aondoke na Askofu kurudi alikotoka, akiiacha parokia kwenye dhiki. Hiyo ndiyo picha ya Paulo: Bwana anakuja, nasi tunatoka kumlaki.

Na ile aya ya wawili walio shambani, mmoja atwaliwe na mwingine aachwe (Mt 24:40)? Soma kuanzia aya ya 37. Yesu anafananisha na siku za Nuhu, na waliochukuliwa siku zile walichukuliwa na gharika. Katika mfano huo, kuachwa ndiyo heri!

Wanaohesabu miaka

Kabla ya Waadventista kuwa kanisa, alikuwapo mkulima Mbaptisti wa Marekani, William Miller. Alizichukua siku 2300 za Danieli 8:14, akazihesabu kuwa miaka, akaanza mwaka 457 kabla ya Kristo na kufika 1843 au 1844. Wafuasi wake hatimaye walishika tarehe 22 Oktoba 1844. Baadhi hawakuvuna mazao yao. Siku ikapita. Wengi walirudi makwao kwa aibu na machozi. Wengine walisema tarehe ilikuwa sahihi, ila tukio lilitokea mbinguni, ambako Kristo aliingia patakatifu pa patakatifu kuanza kazi ya hukumu. Kutoka kwa hao likazaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863 na kuingia nchini kwetu mwaka 1903 kupitia milima ya Upare. Kwa haki tuseme kwamba leo Wasabato hawataji tarehe ya kurudi kwa Kristo, wala hawafundishi unyakuo wa siri. Wao wanaamini miaka elfu itapita watakatifu wakiwa mbinguni na dunia ikiwa tupu. Wataalamu wengi, kwa upande wao, wanaona jioni na asubuhi 2300 kuwa ni sadaka mbili za kila siku zilizokomeshwa, yaani siku 1150, muda unaokaribia ile miaka mitatu ya Antioko.

Mashahidi wa Yehova, wanaopita nyumba hadi nyumba wakiwa wawili wawili, hesabu yao hufika 1914: tangu mwaka huo, wanasema, Kristo ametawala bila kuonekana. Huanza na anguko la Yerusalemu wanaloliweka mwaka 607 kabla ya Kristo, wakati wanahistoria huliweka 587 au 586. Mwanzo ukisogea miaka ishirini, mwisho nao unasogea, na 1914 inatoweka.

Kanisa Katoliki nalo limewahi kupata wahubiri wa namna hiyo ndani ya nyumba yake. Mtaguso wa Tano wa Laterani, tarehe 19 Desemba 1516, ulilazimika kuwakataza wahubiri kutangaza tarehe maalumu ya ujio wa Mpingakristo au ya hukumu. Sababu ni ileile aliyoitoa Bwana: siku ile na saa ile hakuna aijuaye (Mk 13:32), na nyakati si juu yetu kuzijua (Mdo 1:7).

Babeli, 666 na Papa

Hapa waamini wetu huumia zaidi, kwa sababu hutukanwa hadharani. Husemwa kwamba yule mwanamke wa Ufunuo 17 ni Kanisa Katoliki, na kwamba 666 ni Papa.

Ufunuo ni barua. Yohane anaziandikia jumuiya saba za Asia, na kwa ushuhuda wa Ireneo ilikuwa mwishoni mwa utawala wa Domitiano, karibu mwaka 95. Jumuiya hizo ziliteswa na dola lililodai kuabudiwa. Mwanamke ameketi juu ya vilima saba (17:9), naye ni mji mkuu uliotawala wafalme wa dunia wakati ule (17:18). Msikilizaji wa Efeso hakuhitaji kuuliza ni mji gani. Ilikuwa Roma ya Makaisari, ambayo ilimwua Petro na Paulo. Kuchukua shutuma dhidi ya watesaji wa Kanisa na kulitupia Kanisa lenyewe lililoteswa ni kugeuza kitabu juu chini.

Kuhusu namba: zamani herufi zilitumika pia kama tarakimu, hivyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Ukiandika Neroni Kaisari kwa herufi za Kiebrania unapata 666. Ukiliandika kwa namna ya Kilatini, bila herufi ya mwisho ya Neroni, unapata 616, na baadhi ya nakala za kale kabisa za Ufunuo zina 616. Ndiyo maana wataalamu wengi wanamwona Nero hapo. Ireneo alizijua nakala za 616, akazikataa, akajaribu majina kadhaa yenye jumla ya 666, kisha akasema si salama kutangaza jina kwa uhakika. Yeye alikuwa mwanafunzi wa Polikarpo, ambaye kwa mapokeo alimsikia Yohane. Kama mtu wa karibu hivyo aliogopa kutaja jina, mhubiri wa Omurushaka anapata wapi ujasiri?

Waadventista wa zamani walijumlisha herufi za Kilatini za maneno Vicarius Filii Dei, wakapata 666, wakasema yameandikwa kwenye taji la Papa. Maneno hayo si jina rasmi la Papa. Yanajulikana zaidi kutokana na hati ya kughushi ya karne za kati. Isitoshe, ukijumlisha kwa njia hiyohiyo herufi za Ellen Gould White, mama mwanzilishi wa Uadventista, ukihesabu W kuwa V mbili, unapata 666 kamili. Sisemi hivi kumdhihaki mama huyo, aliyekuwa mtu wa sala. Nataka tu msomaji aone kwamba chombo kinachoweza kumkamata kila mtu hakimkamati mtu yeyote. Kwa sababu hiyo hiyo, alama za vidole wakati wa kusajili laini za simu, chanjo na namba ya NIDA haviwezi kuwa alama ya mnyama. Katika Ufunuo alama hiyo ni ya anayemwabudu mnyama kwa hiari, akimkana Mwanakondoo. Hakuna anayemkana Kristo kwa bahati mbaya kwenye dirisha la ofisi.

Kanungu haiko mbali

Ningependa kusema kwamba hatari hii ni ya wengine. Haiwezekani. Ng'ambo ya mto Kagera, kusini magharibi mwa Uganda, katika eneo ambalo Mnyambo akifika huelewana na wenyeji bila mkalimani, lilikuwapo Kundi la Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walitoka miongoni mwetu: Joseph Kibwetere, mlei Mkatoliki aliyeheshimika; Credonia Mwerinde, aliyedai kutokewa na Bikira Maria; na Dominic Kataribaabo, padre aliyesoma hadi Marekani, ambaye Kanisa lilikuwa limemsimamisha. Walisali rozari. Walifunga. Walishika ukimya hata wakawasiliana kwa ishara wasije wakatenda dhambi ya ulimi. Walitangaza kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999, na wafuasi wakauza mali zao. Mwaka mpya ulipoingia na jua likachomoza, maswali yalianza. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, watoto wakiwemo, waliteketea ndani ya jengo la sala huko Kanungu, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Siku zilizofuata miili mingine mamia ilifukuliwa katika nyumba za kundi hilo.

Mwezi Aprili 2023 tuliona tena, safari hii katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako zaidi ya miili 400 imefukuliwa. Inadaiwa wafuasi waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kiongozi wao, Paul Mackenzie, alishtakiwa na amekana mashtaka.

Mkatoliki anayesambaza kwa simu ujumbe wa siku tatu za giza, wenye onyo kwamba asiyeutuma kwa watu kumi ataangamia, anatembea kwenye njia iyo hiyo hata kama bado yuko mwanzoni. Kanisa lina utaratibu. Matokeo ya Kibeho, nchi jirani ya Rwanda, yalianza mwaka 1981, na Askofu wa Gikongoro aliyatambua mwaka 2001 tu, baada ya miaka ishirini ya uchunguzi. Na hata ufunuo binafsi uliotambuliwa hauongezi kitu katika imani; huisaidia tu kuishiwa vizuri zaidi katika kipindi fulani (Katekisimu, 67).

Na dalili tunazoziona?

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, ukaacha vibanja vyenye makaburi mengi kuliko migomba. Wakimbizi wa 1994, mamia ya maelfu, katika kambi za Ngara na Karagwe. Mnyauko wa migomba. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Korona. Kila mara palikuwa na mtu aliyesema: ndiyo hii. Sidharau hofu hiyo. Aliyezika watoto watano alikuwa na haki ya kuona dunia yake inakwisha. Lakini Yesu mwenyewe anapotaja vita, njaa na matetemeko anasema ule mwisho bado (Mk 13:7). Mambo hayo ni hali ya nyakati zote tangu alipopaa.

Kanisa, basi, linafundisha nini kwa uhakika? Kwamba ujio wa Kristo unaweza kutokea wakati wowote (Katekisimu, 673). Kwamba unahusiana na Israeli yote kumtambua Masiha (674), jambo alilolizungumza Paulo katika Warumi 11. Kwamba kabla yake Kanisa litapitia jaribu la mwisho litakalotikisa imani ya wengi (675), hivyo wazo la kukwepa dhiki kwa kunyakuliwa mapema si letu. Kwamba Kanisa litaingia katika utukufu kwa kumfuata Bwana wake katika kifo na ufufuko, si kwa ushindi wa polepole wa kisiasa (677). Na kwamba kila mmoja wetu, mwisho wa dunia ukichelewa au usipochelewa, atakutana na hukumu yake binafsi saa ya kufa. Hiyo haihitaji Danieli, inahitaji kitubio.

Kuhusu kahawa, ada na dawa, Wathesalonike ndio waliotutangulia kukosea. Baadhi yao waliacha kazi wakimngoja Bwana, na Paulo akaamuru kwamba asiyetaka kufanya kazi, basi na asile (2 Thes 3:10). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 39, unafundisha kwamba kuingoja dunia mpya hakupaswi kudhoofisha bidii ya kuiboresha hii, maana matunda mema ya kazi zetu tutayakuta tena yakiwa yametakaswa. Mche wa kahawa unaopandwa leo huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuzaa. Upandwe.

Jirani wa dhehebu lingine akikualika mazungumzo, si dhambi kuongea naye kwa heshima. Mwombe tu msome sura nzima badala ya aya moja moja, na ukiona mjadala umegeuka matusi juu ya Ekaristi au Mama Maria, aga kwa upole uende zako. Yeyote anayetaja tarehe, anayekutaka uuze mali au uache dawa, mkatalie papo hapo na umjulishe paroko na mwenyekiti wa kijiji. 

Jumuiya Ndogo Ndogo zitakazojadili mada hii katika majuma ya mwisho ya mwaka wa Liturujia zisome Marko 13 yote, Wamakabayo wa Kwanza sura ya kwanza, 1 Wathesalonike 4:13 hadi 5:11, na Katekisimu namba 668 hadi 682. Dominika ya 33 ya Mwaka A hutupatia mfano wa talanta, ambamo bwana anarudi baada ya muda mrefu na kudai hesabu (Mt 25:19). Unafaa kusomwa pamoja na hayo katika mwaka wowote. Kanda zisizo na Katekisimu ziombe kurasa hizo kwa katekista wa kigango.